Besi ya Mume Wangu

Kiharusi kilimpata mume wangu bafuni, nyumbani kwetu Bunju, mswaki ukiwa bado mdomoni. Mguu ulirudi, mkono ukaanza kurudi, maneno hayakurudi. Mwalimu wa sekondari, aliyezoea kufokea darasa zima, sasa hakuweza hata kuomba maji. Ananitazama, anafungua mdomo, kinachotoka ni "ta, ta, ta", basi. Halafu anapiga paja kwa hasira, nami naenda jikoni kulia nikijifanya nakata vitunguu.

Nilichomwomba Mungu kilikuwa kidogo. Sikuomba arudi darasani. Niliomba aniite tu. Zamani alikuwa akiniita "mama wewe", kwa sauti ya mtu anayeanza kulalamika, na nilikuwa nikiudhika kweli. Sasa ningetoa chochote nilisikie tena neno hilo. Niliomba nikifua, niliomba nikiwa kwenye foleni ya kliniki, nilifunga kula mpaka kizunguzungu kikaniangusha uani. Mbinguni kimya, nyumbani kimya. Nilianza kuamini kwamba Mungu naye amepatwa na kiharusi.

Watu wa jumuiya walikuwa na jibu. Jumuiya yetu ya kanisa husali Jumamosi asubuhi, nyumba hadi nyumba kwa zamu, na kila zamu yetu ilipofika mama mwenyekiti alinishika bega.

"Vuta subira, dada. Wakati wa Mungu ndio wakati."

Yeye mumewe alikuwa mzima, kicheko chake tunakisikia mtaa wa pili. Aliyeshiba hamjui mwenye njaa. Nilimjibu "Ameni" huku nimeuma meno.

Tena niliwapiga marufuku kuimba. Kwetu Njombe nyumba ya mgonjwa haipigiwi kelele, na mimi niliona kichwa kilichopata kiharusi kinataka utulivu kuliko kingine chochote. Basi walisoma neno, wakaomba kwa kunong'ona, wakanywa chai, wakaenda zao.

Jumamosi moja alikuja bibi mgeni, mama mzazi wa jirani yetu, ametoka kijijini kumwona mwanawe. Hakuna aliyemwambia sheria zangu. Sala ya kufungua ilipokwisha tu, akaanzisha wimbo wa zamani wa kitabuni. Wote wakanitazama mimi. Kabla sijamzuia, besi ikaingia.

Niliijua kabla sijageuka. Ndiyo sauti iliyokuwa ikisimama nyuma yangu kwenye kwaya ya vijana, ikinipotezea noti zangu kila Jumapili. Mume wangu alikuwa ameketi kwenye kochi, amefumba macho, anaimba. Maneno yote, yamenyooka, hata ubeti wa tatu ambao wengi wetu huuvusha kwa kuguna.

Vigelegele vikapigwa. Mama mwenyekiti alikuwa analia. "Bwana asifiwe! Si nilikwambia, dada?"

Nikapiga magoti mbele ya mume wangu, nikamshika mikono yote miwili. "Baba, niite. Sema mama wewe. Niite basi."

Akafungua mdomo. "Ta," akasema. "Ta, ta." Machozi yakamtoka.

Mtu mmoja nyuma yangu akasema Mungu huenda hatua kwa hatua. Chai ilikuwa tayari na hakuna aliyeigusa. Walipoanza kutafuta viatu vyao, nikasimama mlangoni.

"Hakuna kuondoka. Imbeni."

"Dada, sie tuna watoto nyumbani."

"Imbeni!"

Wakaimba, kwa huruma na kwa kuniogopa. Kila wimbo alikuwemo. Kila wimbo ulipokwisha nilimwambia aniite, naye akarudi kwenye "ta" yake. Mwisho nilichoka kusimama mlangoni, wakatoka mmoja mmoja. Yule bibi alitoka wa mwisho, akanigusa shavu, akasema, "Pole, mwanangu," wala hakuongeza mahubiri.

Tukabaki wawili. Koo langu lilikuwa limekauka, na hata likiwa zima si la kujivunia, lakini nilianza wimbo mwingine, naye akaingia na besi yake. Niliimba polepole makusudi, nikiogopa mwisho wa ubeti. Moyoni nilikuwa nasema: Mungu, kama huu ni mwanzo, nitangoja. Kama ndicho chote ulichonipangia, nakuomba usiniambie leo. Ubeti ukaisha. Nilimwona anafungua mdomo kutaka kusema, nikavuta pumzi haraka nikaanza mwingine.