Fundi Aliyeijua Mota ya Baba kwa Macho

Leo hapa Tabora mjini nimekutana na fundi anayetambua mota kwa kuitazama tu.

Nilimpelekea mota ndogo kuukuu, isiyo na jina wala namba. Niliikuta kwenye sanduku la marehemu baba, pamoja na treni ndogo aliyoiunda mwenyewe.

"Dada, hiyo ya redio ya kaseti. Imekufa, tupa."

Hata kuishika hakuishika.

Nikaipachika chini ya treni palepale mezani kwake. Meno ya mota yakaumana na ya gurudumu sawasawa. Nikaunganisha betri mbili za tochi.

Treni ikatembea mpaka kwenye kikombe chake cha chai. Machozi yakanilenga.

Yeye? "Si nilikwambia ni ya treni?"

Jamani, mtu kama huyu kesho unamsalimiaje?