Mama Vifuniko na Chupa Thelathini za ‘Hongera’

Saa tatu asubuhi. Mama Vifuniko anamimina dengu nyekundu ndani ya chupa, anazigandamiza kwa kitako cha bilauri, anafuatisha mchele, kisha mbaazi zilizopasuliwa, na juu kabisa anaweka kifurushi kidogo cha bizari na chumvi. Mistari inakaa sawasawa bila kuingiliana. Akimaliza, anaipigapiga chupa mgongoni kama mtoto anayetakiwa kucheua, halafu anaizungusha kwenye mwanga wa dirisha kuona kama kuna nafasi imebaki.

Jiko lake lina meza moja, rafu tatu na sufuria kubwa ya kuchemshia chupa. Vifuniko vimetapakaa kila mahali: dirishani, ndani ya beseni, hata kwenye mfuko wa aproni yake. Ndivyo alivyopata jina, na majirani wengi hawalijui jingine.

“Huu si ufundi, ni kupanga tu,” anasema. “Anayepewa anaongeza maji na kitunguu, nusu saa supu iko mezani. Hata wewe unaweza, ila usije ukaniharibia soko.”

Ana miaka hamsini na mmoja. Alianza kazi hii miaka sita iliyopita, baada ya kufiwa na mumewe, kwa chupa za jemu alizowaomba majirani. Zawadi zake zilipendwa kwenye harusi, mahafali na misiba, na kuna wakati aliuza chupa sitini kwa wiki. Sasa hazifiki ishirini.

Ukimuuliza sababu, anajibu haraka mno. “Watu wamebana mifuko.”

Lakini kuna kitu kimepungua kwenye chupa zenyewe. Zamani kila moja ilikuwa na kikadi kilichofungwa shingoni kwa uzi, chenye neno la pongezi au la pole lililoandikwa kwa mkono mzuri. Leo zimesimama rafuni kimya. “Mtindo wa siku hizi ni bila maandishi,” anasema, na kuigeukia sufuria yake.

Mtindo huo ameubuni mwenyewe, kwa aibu. Gazeti hili lisingelijua hilo kama si uzembe wa mwandishi.

Mwandishi alikuwa ameandika vipimo vya supu kwenye daftari, akachana ukurasa na kumpa Mama Vifuniko ahakikishe kama viko sahihi. Mama akavaa miwani, akapitisha kidole mstari kwa mstari, akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika. “Sawa kabisa. Umeandika vizuri sana.”

Ukurasa huo haukuwa wa supu. Ilikuwa orodha ya mwandishi ya mambo ya kununua dukani.

Hakuna aliyejua aangalie wapi, na mwandishi, kusema kweli, alitamani auchukue ukurasa wake akimbie nao. Mama Vifuniko ndiye aliyeanza.

“Hapo palikuwa na nini?”

“Sabuni, viberiti na viazi, mama.”

Alicheka. Alicheka mpaka akaishika meza, kisha kicheko kikamgeuka, akavua miwani na kujifuta macho kwa ncha ya aproni. “Hii miwani haina kazi yoyote,” alisema. “Niliinunua barabarani ili nionekane mtu wa kusoma.”

Mama Vifuniko hajui kusoma. Alitolewa shuleni akiwa darasa la pili ili alee wadogo zake, na hakurudi. Aliyeijua siri hiyo alikuwa marehemu mumewe peke yake. Akiwa hospitali husema ameacha miwani nyumbani. Akiwa benki husema mkono unamuuma, wamjazie fomu. “Nimeshadanganya mpaka uongo umekuwa kazi yangu ya pili,” anasema.

Ndipo akaomba kusimulia jambo ambalo, kwa maneno yake, limemkaa kooni kama mwiba wa samaki.

Vikadi vya chupa vilikuwa kazi ya wifi yake, dada mdogo wa marehemu. Huyo ni karani wa shule, mwenye mwandiko wa kupendeza. Kila Alhamisi alipita akitoka kazini, wakanywa chai, akaandika vikadi na kuviacha ndani ya droo. Hakuwahi kudai hata shilingi. Kisha Mama Vifuniko alibaki kuvifunga.

Alivifungaje mtu asiyejua kusoma? Kwa urefu. Alikuwa amegundua kuwa vikadi vya furaha vina neno refu na vya huzuni vina neno fupi. “Hongera” lilijaza kikadi karibu chote. “Pole” lilikaa katikati, dogo, kama linaona haya. Kwa miaka mitano urefu haukumwangusha.

Miezi mitano iliyopita alipata oda mbili kwa siku moja, zote za supu ya dengu. Ofisi moja ilitaka chupa thelathini za kumuaga mhasibu wake anayestaafu. Na wauguzi wa zahanati walitaka thelathini pia za kumpelekea mwenzao aliyefiwa na mume.

Wifi aliandika kama kawaida, ila safari hii alifikiria zaidi. Kwa kuwa waliofiwa ni familia nzima, aliona “Pole” haitoshi. Akaandika “Poleni sana.” Akaviweka vikadi droo ile ile, mafungu mawili, bila kusema lipi ni lipi. Nani angehitaji kuambiwa?

“Nikayaona maneno,” anasimulia Mama Vifuniko, akionyesha kwa vidole viwili. “Hili refu, hili fupi. Nikasema moyoni, leo wifi amempongeza mhasibu kwelikweli!”

Kule ofisini mambo yalikwisha kwa kicheko. Mhasibu alisoma “Poleni sana” kwenye chupa yake, akasema katika miaka thelathini ya kazi hiyo ndiyo barua ya kwanza ya kweli aliyoandikiwa.

Msibani haikuwa hivyo.

Mama Vifuniko alizipeleka chupa mwenyewe, ndani ya maboksi yaliyofungwa. Wifi alimkuta pale, akitoka kazini moja kwa moja. Wauguzi wakazipanga chupa mezani, mbele ya mjane na jamaa wote wa marehemu. Shemeji wa mjane akachukua moja, akaisogeza karibu na macho, akasoma kwa sauti.

“Hongera.” Akachukua ya pili. “Hongera.” Kisha akamgeukia mjane. “Hongera ya nini, shemeji? Kwa kubaki na nyumba?”

Mjane alijifunika uso kwa mtandio. Watu wakaanza kuulizana nani kaleta hivi vitu, na macho yakaishia kwa Mama Vifuniko.

Hapa sauti yake inashuka mpaka mwandishi analazimika kusogeza kiti.

“Nikasema, mimi nafunga tu. Anayeandika ni wifi yangu.”

Anagusa midomo yake. “Nilisema hivyo. Mdomo huu huu. Nilimwonyesha na kidole.”

Wifi yake alimtazama, anasema, kwa muda ambao yeye aliuona kama mwaka. Kisha akapiga magoti mbele ya mjane. “Kosa ni langu, dada. Nisamehe.” Akaanza kuvikata vikadi kimoja kimoja na kuvitia kwenye mkoba wake, huku shemeji mtu akimwita mjinga asiye na adabu. Mama Vifuniko alisimama ukutani. Hakusaidia hata kukata uzi.

“Nilitamani ardhi ipasuke. Haikupasuka. Nikarudi nyumbani nikala, nikalala. Ndiyo aibu yangu kubwa, kwamba nililala.”

Alhamisi iliyofuata wifi hakuja. Wala iliyofuata. Mama Vifuniko alipiga simu mara mbili, akauliza hali, akazungumzia mvua, akakata. Tangu hapo chupa zinauzwa bila neno.

Wiki tatu zilizopita alijiandikisha kwenye kisomo cha watu wazima, saa tisa alasiri, katika darasa ambalo asubuhi hukaliwa na watoto wa chekechea. Viti ni vidogo, magoti yanamfika kidevuni. Mwalimu ni binti anayeweza kuwa mwanawe wa mwisho. Siku ya kwanza Mama Vifuniko alimwambia kuwa amekuja kumsubiri mjukuu. Hana mjukuu. Binti yule akampa chaki.

“Ubaoni niliandika P, nikaandika O,” anasema. “Nikalia mbele ya watu. Wakadhani ni furaha.”

Alikubali habari hii iandikwe yote, mradi jina lake halisi lisitajwe. Mwandishi alimpigia wifi simu kusikia upande wake, akamuuliza tu kuhusu vikadi vya siku ile. Hakugusia suala la kusoma. Karani yule akashusha pumzi.

“Amekwambia hajui kusoma?”

Akaendelea bila kusubiri jibu. “Nilijua pale pale msibani. Mtu anayesoma hawezi kufunga vikadi thelathini vya ‘Hongera’ vya kupeleka kwenye msiba. Nikakumbuka miwani yake, nikakumbuka mambo mengi. Ningesema nini? Nimwaibishe mke wa kaka yangu mbele ya watu? Nikalibeba.”

Kwa hiyo amemsamehe?

“La vikadi nilimsamehe siku ile ile. Lile la kidole, bado. Nilimsubiri aniambie tukiwa njiani kurudi. Nikasubiri kesho yake. Anapiga simu kunieleza habari za mvua! Mwambie mlango wangu anaujua. Na asiniletee chupa.”

Mama Vifuniko alipofikishiwa maneno hayo alikuwa akifuta meza. Kitambaa kilisimama.

“Alijua?”

“Anasema alijua, mama.”

“Kwa hiyo alipopiga magoti pale, alikuwa anajua?”

Alikaa kwenye kigoda na kulalia meza, uso ndani ya mikono yake, huku sufuria ikichemka na chupa zikigongana ndani yake. Mwandishi aliondoka mezani akaenda kuipunguzia moto, kwa kukosa la kufanya.

Mama alipoinua kichwa macho yalikuwa mekundu, lakini sauti ilikuwa ya mtu anayepanga kazi. Alisema ana mpango wa kumaliza kisomo na siku moja kuandika vikadi vyake mwenyewe. Alisema pia atakwenda kwa mjane yule, amwambie mbele ya shemeji yake nani alikosea. Ila hayo yote, alisema, yatatanguliwa na jingine.

“Gazeti lako linatoka lini?”

“Jumapili, mama.”

“Wifi hulinunua kila wiki, hulisoma mpaka matangazo ya vifo.” Alihesabu siku kwa vidole, akasimama na kuanza kufungua aproni. “Basi nitakwenda Jumamosi. Asije akanisoma kabla hajanisikia.”