Trauti wa Mto Chess Wakati wa Joto

Tangu mume wangu Mwangi apatwe na kiharusi majira ya baridi, alikuwa hatoki nyumbani kwetu Walthamstow, huku ughaibuni, ila kwenda kliniki. Mkono wake wa kulia ulirudi nusu: ulikunjika na kukunjuka, lakini haukuhisi kitu. Mimi ni muuguzi. Najua la kumwambia mgonjwa wa mwingine. Kwa wangu nilikuwa nimeishiwa maneno. Basi rafiki yake Harjit, Mpunjabi wa Southall aliyezaliwa Nakuru, alipopiga simu akimwalika kwenda kuvua trauti, samaki ambaye Mwangi alimvua ujanani katika vijito vya Mlima Kenya, nilikubali kabla mwenyewe hajaulizwa.

Jumamosi asubuhi na mapema tulipanda treni, tukabadilisha King's Cross. Nyumba zilipoanza kupungua na miti kusogelea reli, Mwangi akanigeukia.

"Mama Njeri, unanipeleka kuaibika mbele za watu."

"Watu gani? Harjit na samaki?"

Akageukia dirisha. Lakini nilimwona akikunja na kukunjua vidole.

Rickmansworth, Harjit alitupokea stesheni na gari lake. "Karibuni sana! Ila habari za maji nisiwafiche, si nzuri." Mvua ilikuwa haijanyesha kwa wiki nyingi. Alitupitisha kwanza kwenye ziwa la karibu, tujionee. Maji yalikuwa ya kijani, yametulia kama chai iliyosahauliwa mezani. Hakuna samaki aliyechomoza.

"Wameshuka chini kabisa kutafuta baridi," alisema. "Hapa tutapoteza muda. Twendeni mtoni."

Mto Chess ni mwembamba, na hulishwa na chemchemi zinazotoka chini ya miamba ya chokaa, kwa hiyo hubaki baridi hata kiangazi. Siku hiyo ulikuwa umepungua. Changarawe zote zilionekana. Harjit akazamisha kipimajoto, akakisoma mara mbili.

"Bado panafaa. Lakini jua likipanda, tunaacha. Trauti akichoka kwenye maji ya joto hufa, hata ukimwachilia."

Akafunga kwenye mshipi nzi bandia wa manyoya, chambo kidogo kama punje ya mtama. Mwangi alirusha kwa mkono wa kushoto. Mshipi ukanasa kwenye vichaka, ukanasa tena, na kila mara Harjit alikwenda kuunasua. Nilitamani kurudi nyumbani kwa niaba ya mume wangu.

Kisha nzi akatua vizuri chini ya mti, maji yakapasuka, ufito wa kuvulia ukapindika.

"Usimchoshe, mlete!" Harjit alisema, na wavu mkononi.

Alikuwa trauti mwenye madoa mekundu, mrefu kama kiganja na nusu. Ndoana ilitoka kwa urahisi, lakini samaki akalala ubavu. Ilibidi ashikwe ndani ya maji, kichwa kikielekea mkondo unakotoka, mpaka nguvu zimrudie; mkono mmoja chini ya tumbo, mwingine mkiani. Mwangi akapiga magoti mtoni. Mkono wa kulia ukateleza. Samaki akapinduka tumbo juu, nami nikaingia majini na viatu vyangu.

"Mwache, mama," Harjit alisema, akinishika kiwiko.

"Atamuua!"

"Mwache."

Nikasimama. Matamvua ya samaki yalifunguka, yakafungika, yakafunguka. Mwangi alimwinua tena taratibu, akamlaza sawasawa. Tulingoja mpaka baridi ya maji ikaniingia mifupani. Ghafla mkia ukapiga, na samaki akatokomea kwenye majani.

Mwangi alibaki amepiga magoti. "Nimemsikia," alisema, akitutazama kama mtu aliyeitwa kwa jina. Akainua kiganja cha kulia. "Nimemsikia huku."

Harjit alipima maji tena, akatikisa kichwa. Joto lilikuwa limezidi. Mwangi ndiye aliyetangulia kukunja mshipi.

Tuliporudi Walthamstow mchana, tulipita sokoni. Mwangi alisimama kwenye meza ya nyanya, akaanza kuchagua kwa mkono wa kulia, moja moja, akizibonyeza. Watu wakajazana nyuma yetu. Kwa miezi nilikuwa nimemfunga vifungo, nimemkatia nyama, nimemjibia simu, nikidhani huko ndiko kumpenda. Nyanya moja ikaanguka. Nikaiacha. Akainama mwenyewe.

Muuza nyanya akaniuliza mimi, "Huyu anahitaji msaada?"

"Muulize mwenyewe," nikasema.