Farasi Asiyetaka Pole

Mwalimu wa udaktari wa mifugo alikuwa na ugonjwa mmoja: pole. Mtu akipiga chafya, pole. Kiti kikianguka, pole, na sitanii, alikuwa akikipa kiti. Wanafunzi wakambandika jina la Mama Pole, naye alipolisikia akawapa pole kwa usumbufu wa kulitafuta.

Chuo kilipopokea farasi mwekundu aliyeokolewa kwa mwenye mkokoteni, mbavu nje nje, Mama Pole alimpenda palepale. Wanafunzi wangejifunza kusikiliza moyo kwa farasi huyo. Lakini kila mwalimu alipomkaribia na kumnong'oneza pole baba, farasi alirusha mateke, ndoo huku, wanafunzi kule. Mkuu wa idara akasema atakuja mwenyewe kumkagua farasi. Asipotulia ataondoka, na farasi wa mateke hana amtakaye ila mchinjaji. Mama Pole akakosa raha.

Aliyefumbua fumbo ni wifi yake, ndiye aliyemwokoa huyo farasi. Alimweleza kwamba yule mwenye mkokoteni alikuwa mstaarabu ajabu: hainui kiboko kabla ya kusema, "Pole, ndugu yangu." Kumbe siku zote hizo Mama Pole alikuwa akimtangazia mnyama viboko! Alilia, akacheka, akalia tena.

Neno likapigwa marufuku bandani. Badala yake akajifunza kumtukana kwa sauti tamu. "Mjinga wewe," alimwambia huku akimpapasa, na farasi akasinzia. Mwenyewe ulimi ulimwasha. Mazoea yana taabu.

Siku ya ukaguzi mkuu aliweka chombo cha kusikilizia moyo kifuani mwa farasi, akasikiliza, akaridhika. Mara farasi akahamisha ukwato, ukatua juu ya kiatu cha mkuu. Wanafunzi wakauma midomo. Mama Pole akaziba wake kwa mikono miwili.

"Yaani hakuna hata mmoja wa kuniambia pole?" mkuu akauliza.

Farasi akatetemeka, macho yakamtoka, mguu wa nyuma ukainuka. Mama Pole akamrukia shingoni. "Mjinga wewe," akasema. "Mjinga mkubwa wewe."

Mguu ukashuka. Mkuu, chombo kingali masikioni, akausikia moyo ukitulia.

"Mjinga nani?" akauliza.

Wakamweleza yote, hadi kiboko. Mkuu akavua chombo masikioni. Kisha akachechemea hadi kwenye sikio la farasi, akakohoa kidogo.

"Mjinga wewe," akanong'ona. "Utabaki hapa."