Msamaha Ulionipita Mlangoni

Mwanangu, ipo siku moja nisiyoisahau, siku niliyobebwa na majirani ambao kwa muda mrefu hawakukanyaga kwangu. Sasa naishi hapa Gisenyi mjini, chumba kimoja na cherehani yangu, na watu wakisikia Kiswahili changu cha Tanzania wananiita Mama Karagwe. Wakati ule nilikuwa kijana, nimerudi juzijuzi kutoka uhamishoni kule Karagwe, nimeolewa Busasamana, kule karibu na volkeno.

Mume wangu aliitwa Tarsisi. Vita ilipowaka huku kwetu, wapiganaji wa msituni walikuja jioni wakamchukua awabebee mizigo. Walisema wanapigana kutukomboa. Siku zile kila aliyeshika bunduki alisema hivyo. Mmoja wao alikuwa Epimaki, kijana wa kilima chetu, tuliyemjua vizuri. Tarsisi aliniambia nisihangaike, atarudi. Hakurudi.

Vita ikaisha. Epimaki na wenzake wakajisalimisha, wakakaa kambini wakifundishwa, kisha wakarudi nyumbani wamesamehewa kosa la kuingia msituni. Sisemi wale wa mauaji ya kimbari, mwanangu. Hao walijibu mbele ya mahakama. Nasema hawa waliofuata bunduki kwa ajili ya siasa. Siku ya umuganda, ile kazi ya pamoja ya kijiji kizima, tulipomaliza kulima barabara, kiongozi alitutangazia kwamba mambo yao yamekwisha na asiwepo wa kuwasumbua. Watu wakapiga makofi. Nami nilipiga, nikidhani kesho yake Epimaki atakuja kuniambia mume wangu yuko wapi.

Hakuja. Tukikutana njiani aligeuza uso. Majirani nao wakaanza kunikwepa, maana waliogopa nitauliza, na kuuliza kungeonekana ni kupinga msamaha. Nikawa si mke, si mjane. Kwetu mtu akifa, majirani wanakuja kukaa nawe msibani, wanakuwashia moto, hata maji huchoti mwenyewe. Mimi nani angekuja kukaa nami, na kifo chenyewe hakuna aliyekitamka? Nilikuwa mpweke vibaya sana, na watu wamenizunguka pande zote. Wengine walinishauri niolewe tena. Niolewe vipi, na mume huenda yu hai?

Ndipo nikateleza shambani na gunia la viazi kichwani, mguu ukavunjika. Kule gari halikufika. Mgonjwa alibebwa kwa ingobyi, machela ya mianzi inayokaa mabegani mwa wanaume wanne, na kila nyumba ilikuwa na zamu yake. Siku hiyo zamu ilikuwa ya kina Epimaki. Mzee Bizimana, mkubwa wa wabebaji, alisita kidogo, lakini wanaume wengine walikuwa wamekwenda sokoni Mahoko. Wakaniinua kunipeleka hospitali.

Nililala chali, naona mawingu na kisogo cha Epimaki. Nikajisemea moyoni, leo huyu hana pa kukimbilia, akiniachia nitaanguka.

"Epimaki," nikamwita, "Tarsisi mlimwacha wapi?"

Mbebaji mmoja akasema, "Mama, maneno ya vita iliisha. Serikali ilisamehe."

"Ilisamehe, sawa. Sijasema afungwe. Nauliza mume wangu yuko wapi."

Tukaenda kidogo, nasikia Epimaki anavyohema. Akasema bila kugeuka, "Alikufa, mama. Kule juu baridi ilikuwa mingi, akapata kuhara. Mi mwenyewe nilimuzika. Na alinituma nikuambie usimungojee."

Usimngojee! Na mimi nilikuwa nimengoja mpaka nimekonda.

"Mbona hukuja kuniambia?"

"Walituambia ile maneno tusirudilie tena. Na mi nilifurahi kuambiwa vile."

"Bon, mushushe chini," akasema mzee Bizimana. Wakaniweka barabarani, juu ya yale mawe meusi. Mzee akavua kofia, akaketi. "Huyu mama alibaki yeye peke yake, na sisi tunapiga makofi. Leo tunakaa naye."

Wakaketi wote. Wanawake waliokuwa wakipita kutoka Cyanzarwe wakatua mizigo yao, wakaketi nasi, wala hawakuuliza ni nani aliyekufa. Epimaki alikaa mbali kidogo mpaka mzee alipomwita asogee. Nililia, mwanangu. Mguu uliniuma, lakini nilikuwa namlilia Tarsisi.

Utaniuliza kama nilimsamehe Epimaki. Siku ile, hapana. Ilichukua muda, na hata leo kuna asubuhi naamka na hasira. Lakini nilianza kuitikia salamu yake, na watu wakaanza tena kuja kwangu. Upweke ninao mpaka leo, ila ni wa mjane, na mjane watu wanajua namna ya kumtembelea.

Basi nisikilize. Nchi ikitoka vitani lazima isamehe, la sivyo tungefungana mpaka asibaki wa kumfunga mwenzake. Sikatai. Lakini wakubwa wakikusamehe, usiishie hapo. Nenda kwa uliyemkosea, umwambie unachokijua, hata kama sheria haikudai tena. Na wewe uliye jirani, usimzibe mdomo anayeuliza ukisema unalinda amani. Kaa naye, umsikie amepoteza nini.

Mungu akuepushe na vita, mwanangu. Akupe moyo wa kufikisha neno ulilotumwa, hata likiwa zito. Na siku utakapofiwa, usikose mtu wa kuketi nawe chini.