Kulenga kwa Mkono Mzima

Kidole gumba changu cha kulia hakikunjiki vizuri. Kinafika katikati kisha kinagoma, na nikikilazimisha kinatetemeka. Nilikikata kwa kisu cha kubebeshea miche ya parachichi, yaani kuunganisha kijitawi cha mti mmoja kwenye shina la mwingine, kule Tengeru nilikokuwa nafanya kazi kwenye kitalu, asubuhi moja ya ukungu mzito ambayo mpaka leo sijui vizuri kama ilikuwa asubuhi au ndoto. Nakumbuka mche mkononi, utepe wa plastiki nimeung'ata kwa meno, kisha joto likishuka taratibu kuelekea kiwikoni, na mimi nikijiuliza maji ya moto yametoka wapi. Daktari aliushona mshipa, akaniambia nitaweza kushika kalamu, kijiko na mwiko. Hakuniuliza kuhusu pedi ya gemu.

Ningemwambia nini? Mtu mzima, nina kazi yangu, halafu nimwulize daktari kama nitaweza tena kucheza gemu ya risasi na mdogo wangu. Niliona haya. Lakini lile swali nililolimeza liliniuma kuliko sindano zake zote.

Mimi na mdogo wangu tuliletwa mjini kusoma tukiwa wadogo, tukamwacha baba upande wa magharibi wa mlima Meru na ng'ombe wake na mahindi yake. Mama alikuwa ameshafariki. Tuliishi Sokon I kwa ndugu, nyumba ambayo kila mtu alikuwa na mambo yake, na mahali pekee tulipokaa bega kwa bega ni kwenye benchi la banda la gemu, mlango wa pili kutoka kwa fundi cherehani. Tulianza kwa kugombania pedi moja. Baadaye tukawa jozi. Gemu yetu inachezwa wawili kwa wawili: yeye anatangulia mbio, mimi nabaki nyuma namlinda. Tulikua hivyo. Hata tulipopanga vyumba vyetu wenyewe, Jumamosi ilipofika tulirudi kwenye benchi lile, na nadhani tulizungumza mengi tukitazama mbele kuliko tulivyowahi kuzungumza tukitazamana.

Sasa, kwa asiyejua, pedi ina vijiti viwili vidogo. Cha kushoto kinakutembeza. Cha kulia kinageuza macho yako na bunduki yako, na kinasukumwa kwa kidole gumba cha kulia. Kidole hicho kikigoma, wewe ni kipofu mwenye silaha. Niliporudi bandani na kovu langu jipya, risasi zangu zilikwenda kwenye paa, kwenye maua, kwenye mawingu. Mdogo wangu alivumilia wiki mbili. Kisha akaniambia kwa upole, na upole wenyewe ndio ulionikera, "Dada, pumzika kwanza. Mashindano ya banda nitacheza na mwenzangu wa chuo."

Mimi nina hasira za karibu, na nikikasirika nafua. Siku ile nilifua kwa mkono mmoja nguo zote nilizokuwa nazo, nikafua mapazia, nikaingia chumbani kwake nikachukua shuka alizofua jana yake nikazifua tena. Akanikuta kwenye beseni. Alikaa kwenye kizingiti akanisaidia kukamua, kwa sababu kukamua nako kunataka kidole gumba.

Kitaluni walinipa likizo ya ugonjwa, nikaenda kwa shangazi, ambaye nyumba yake iko njia ya Momela, kwenye mwinuko ambao kutoka barazani unaona kipande cha ziwa moja na heroe pembeni mwake. Sijui kwa nini niliichukua pedi yangu. Kwa shangazi hakuna hata televisheni. Lakini mchana, akishamaliza kunilisha ndizi na kwenda shambani, nilikaa barazani nimeishika mikononi, haijaunganishwa na kitu chochote, nikitazama mbali. Mawingu yalikuwa yakishuka Meru na kupanda. Twiga alitokea kwenye miti, akavuka uwazi, akapotea, akatokea tena mahali ambapo sikumtarajia. Nilijikuta namfuata kwa pedi. Sikusukuma chochote, niliigeuza tu, kidogo kidogo, kwa vifundo vya mikono, jinsi mtu anavyogeuza sinia ili chai isimwagike. Heroe waliruka, na pedi ikaruka nao. Siku nzima zilikwenda hivyo. Kuna wakati nilikuwa sina hakika kama mimi ndiye ninayegeuza au ule mlima ndio unaogeuka.

Ilikuwa siku ya nne au ya tano nilipokumbuka kwamba pedi ile ina uwezo wa kuhisi inavyoinamishwa. Kwenye mipangilio ya gemu kuna mahali pa kuuwasha. Wachezaji wa kwenye simu wanauita jairo, na sisi wa bandani tulikuwa tunawacheka. Bandani kwetu, mgeni anayepinda mwili na pedi yake kila kona anaitwa konda, kwa sababu anaegemea nje kama aliyening'inia mlangoni mwa daladala. Hakuna anayetaka kuitwa konda. Nilimwamkia shangazi asubuhi iliyofuata nikiwa tayari nimefunga begi.

Mwezi mzima nilijifunza chumbani kwangu kimyakimya, kwa mashine ya gemu ya kuazima. Kijiti cha kushoto kilinitembeza kama zamani. Cha kulia nilikiacha. Nililenga kwa mikono yote miwili, kwa viwiko, kwa mabega, na wakati mwingine kwa pumzi. Kijiti ni kama kumwelekeza mtu njia: kulia, kulia tena, rudi kidogo, hapohapo. Kwa jairo hakuna kuelekeza. Unatazama, na mikono imeshafika. Nilikuwa nalala nikiwa bado nageuka, mto ukigeuka nami, na ndotoni nililenga vitu ambavyo havihitaji kulengwa, masufuria ya shangazi, kengele ya kanisa la kwetu, nyota.

Mdogo wangu alinikuta siku moja nimepinda ubavu mbele ya skrini. "Dada, umekuwa konda," alisema. Kisha akatazama nilichokuwa ninafanya, akakaa chini. Alitazama muda mrefu. Mwishowe akasema, "Mashindano haya tutacheza wote. Tukishinda, twende wote Moshi kwenye yale makubwa. Tukishindwa, dada yangu, usikasirike, nitaendelea na mwenzangu wa chuo." Nilikubali. Nilimwambia pia kwamba shuka zake zinanuka, ingawa hazikuwa zinanuka.

Siku ya mashindano tulifika fainali, na hapo palizuka ubishi hata kabla hatujaketi. Wapinzani wetu wa fainali, vijana wawili wa mtaa wa nyuma, walisema jairo ni wizi, mashine inanilengea. Niliwageukia. Niliwauliza nani analengewa. Maana wanaotumia vijiti wana kitu ambacho sote tunakiita sumaku: ukimsogelea adui kwa kijiti, gemu yenyewe inakuvutia bunduki kidogo kumwelekea, kukuhurumia kwa sababu inajua kidole kimoja hakitoshi. Ukiwasha jairo, sumaku hiyo inazimwa. "Ninyi mnashikwa mkono kama watoto wa chekechea," niliwaambia, "halafu mimi ndiye mwizi?" Banda zima likacheka. Mwenye banda, mtu wa Kondoa mwenye kofia yake ya kufuma, asiyependa kelele, alisema pedi ni ileile, kila mtu aishike anavyoweza, na asiyetaka aende nyumbani.

Tulicheza. Sitaki kujisifu, lakini nitajisifu kidogo. Nilikuwa nawaona kabla hawajatokea. Mdogo wangu alikimbia mbele bila kugeuka nyuma hata mara moja, na hilo ndilo lililonigusa, kwamba alikuwa amesahau kunihurumia. Raundi zikawa sawa. Ikabaki moja ya mwisho, na wakati ilipokuwa inaanza, adhana ya alasiri ikasikika kutoka msikitini.

Mwenye banda ana desturi yake, na hakuna anayembishia, awe Mlutheri, awe Mkatoliki: adhana ikianza, sauti za televisheni zote zinazimwa na midomo inafungwa. Michezo haisimami, lakini inaendelea kimya. Kwa hiyo raundi ile ya mwisho ilichezwa bila mlio wowote. Risasi zilitoka bila kelele. Milango ililipuka kimya, vumbi likapanda kimya, na juu ya yote ilisikika ile sauti ndefu ya mwadhini ikipita juu ya mabati ya Sokon. Mwanga wa saa kumi uliingia mlangoni ukalala sakafuni. Sijawahi kutulia vile maishani. Mikono yangu haikuwa na uzito. Mdogo wangu aliangusha mmoja wao, kisha akaangushwa yeye, akaweka pedi yake magotini. Tukabaki wawili: mimi, na kijana wa mtaa wa nyuma, ambaye nilikuwa nimeshamwona kivuli chake nyuma ya tangi la maji. Nilikuwa namsubiri tu atoe kichwa.

Mlango ukawa giza. Mtu alikuwa amesimama hapo, na kwa pembe ya jicho niliona fimbo, koti refu na galoni ya maziwa. Baba alikuwa ameshuka mjini bila taarifa, akatukosa nyumbani, akaelekezwa bandani.

Kwetu mtoto hasalimii kwa mdomo tu. Unainamisha kichwa, na mzazi anaweka kiganja chake utosini pako. Hata uwe na mvi, mbele ya baba yako unainama. Mdogo wangu, aliyekuwa ameshakufa kwenye gemu, alisimama akainama. Baba akasogea kwangu.

"Shikamoo, baba," nilinong'ona, na kichwa kikainama. Kichwa kilipoinama mabega yakafuata, na mabega yalipofuata mikono ikafuata, na pedi ikiwa mikononi. Bunduki yangu iliteremka kwenye lile tangi, ikapita ukutani, ikatazama sakafu. Yule kijana naye ni mtoto aliyelelewa. Alisema "Shikamoo, mzee" kwa adabu zote, macho yakiwa mbele, shingo imenyooka, na vidole gumba vyake viwili vikiendelea na kazi. Kijiti hakijui kama umesalimia au hujasalimia. Akatoa kichwa, akanipiga.

"Marahaba, mwanangu," alisema baba. Kiganja chake kilikuwa bado utosini pangu, kizito na cha moto kutokana na jua, na mimi nilikuwa natazama viatu vyake. Kuna aliyeanza kucheka, mwenye banda akaweka kidole mdomoni. Adhana ilipokwisha sauti zilirudishwa, na muziki wa ushindi wa wenzetu ukajaa banda.

Tulitoka watatu. Mdogo wangu alitangulia, mikono mifukoni, akipiga teke kila jiwe. Nilimfikia akaniambia kwa sauti ya chini, baba asisikie, "Kuna kitufe cha kugandisha. Ukikishika, mikono inaweza kwenda popote, bunduki inabaki palepale. Unakijua."

"Nakijua."

"Sasa?"

Nilikijua kitufe kile kuliko nilivyojua namba yangu ya simu. Nilikuwa nakitumia kila raundi. Lakini baba aliposogea hapakuwa na kitufe, hapakuwa na pedi, alikuwepo baba tu. Nilitaka kukasirika nikashindwa. Nilijisikia mnyonge, na kile kidole kibovu kilikuwa kinauma.

Baba alitufikia, galoni ikigonga goti lake. "Mlikuwa mnashindana pale?"

"Ndiyo, baba," alisema mdogo wangu.

"Nani kashinda?"

Nilingoja aseme. Alikuwa na haki ya kusema, na angesema kwa utani, na baba angecheka, kisha usiku angekaa macho akijua kwamba salamu yake ndiyo iliyotuangusha. Mdogo wangu alipiga jiwe jingine. "Wao. Mimi niliangushwa mapema, nikamwacha dada peke yake."

"Na huo mkono wake, anaweza kweli?"

"Anaweza kuliko mimi."

Baba aliitika, akahamishia galoni mkono wa pili. Tulitembea kidogo. Meru ilikuwa imefunguka juu, shingo bado imezungukwa na wingu. Nilijua kwamba tulikuwa tumepatana, tukishindwa basi, na mimi ni mtu mzima, sikupaswa kuuliza. Nikauliza.

"Mashindano yajayo utacheza na nani?"

Hakunitazama. Alikuwa bado amekasirika, niliona kwenye shingo yake. "Na wewe," alisema. "Lakini baba akija, ushike kile kitufe."

Nilimwambia nitakishika. Alijua nadanganya, akampokea baba galoni mkononi, tukaendelea kutembea.