Kamati ya kijiji ilivyomchagulia mpwa wangu chuo cha bei nafuu Canada, enzi za Ujamaa

Wakuu, shikamooni mnaostahili. Walio chini yangu, marahaba, hata kama hamjaniamkia.

Nimepita humu nikaona vijana wanaulizana ni chuo gani Canada kina unafuu kwa mwanafunzi mgeni. Majibu ni mengi na yote ni ada tu. Ada ndogo, ada kubwa, orodha ya vyuo kumi, link.

Nami ninalo la kusema. Niliishia darasa la sita, kwa hiyo mwenye elimu yake akiona nimepotoka anirekebishe. Ila chumvi sitatia. Tangu ujana naandika daftari la kila siku, na ya miaka ile ninayo hapa mezani. Mende wamekula pembeni, katikati panasomeka. Pale nisipokuwa na hakika nitasema sina hakika.

Twende.

Ilikuwa miaka ya sabini, kijiji chetu cha Ujamaa kiko njia ya Mlali, chini ya mlima. Mimi nilikuwa karani wa kijiji. Sikuchaguliwa kwa akili, nilichaguliwa kwa mwandiko.

Dada yangu alikuwa na binti, Zaina. Kichwa chake kilikuwa chepesi mno. Alimaliza kidato cha sita kwenye shule ya wasichana pale Morogoro mjini, na mmoja wa walimu wake alikuwa mama wa Kikanada. Yule mama akaandikia watu wa kanisa la kwao, wakakubali kumchangia Zaina asome huko. Wakatoa fungu moja tu, la miaka yote. Ndani ya fungu hilo alipe ada, alale, ale. Likiisha kabla ya masomo, anarudi nyumbani mikono mitupu.

Mwalimu akampa vitabu vya vyuo vitatu, kila kimoja na fomu yake ndani. Akamwambia achague kimoja, mzazi atie sahihi, fomu iwe Posta kabla ya mwisho wa mwezi. Zilibaki siku tisa.

Baba yake Zaina alikuwepo, mtu mwema sana. Aliitazama ile fomu kama mtu aliyepewa mtoto wa jirani ambebe.

"Mwiteni mjomba wake," akasema.

Kwa wasiotujua: kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama. Kwenye jambo zito anaitwa mjomba. Mjomba ndiye mimi, umri miaka ishirini na sita, darasa la sita.

Nilivichukua vile vitabu nikavisoma. Nasema nilivisoma, lakini haki itendeke: nilitazama picha, halafu nikatafuta neno la ada, kwa sababu hilo nililijua.

Cha kwanza kilikuwa na picha ya mnara mrefu wenye saa. Tukakiita cha Mnara. Cha pili kilikuwa na ng'ombe wanene kwenye majani mabichi, tukakiita cha Ng'ombe. Cha tatu jalada lake lilinishangaza kidogo: wanafunzi wa kizungu wamezunguka karai, wanaosha masufuria, wanacheka. Hicho kikawa cha Sufuria.

Ada ya cha Mnara ilikuwa ndogo kuliko zote, na mnara wenyewe ulinikaa moyoni. Nikafikiri, chuo kinachotangaza kwa masufuria kina shida gani?

Nikajaza fomu ya cha Mnara, nikatia sahihi, nikaifunga kwenye bahasha. Zaina alikuwa amekaa pembeni.

"Unaonaje?" nikamuuliza.

"Mjomba ukishaona, mimi nimeona," akajibu.

Kwenye daftari niliandika, *Z. ameridhika.* Wakuu, mimi ni mjinga wa aina ya pekee. Binti wa Kiluguru hambishii mjomba wake usoni, na mimi nililijua hilo tangu nazaliwa.

Sasa ikabaki barua ya kijiji. Bila barua ya kijiji wilayani hawakusikilizi, na bila wilaya hakuna pasipoti. Barua ilikuwa kwa Mwenyekiti, Ndugu Kibwana.

Nisimwonee Ndugu Kibwana. Alikuwa mtu wa watu, hakula cha mtu, na mazishi hakukosa hata moja. Kasoro yake ilikuwa kwamba aliipenda Ujamaa kwa mdomo wote. Siku za shamba la ujamaa ilipogongwa ile ringi ya lori iliyokuwa kengele yetu, nusu ya kijiji iliumwa tumbo. Mwenyekiti hakuumwa. Mwenyekiti alikuwa na kikao.

Akasema barua haiwezi kutoka mpaka kamati ikae. Kamati ikakaa, darasani, watu wazima magoti yamegusa videvu kwenye madawati ya watoto. Zilikuwa zimebaki siku nne.

Mwenyekiti akafungua. "Ndugu wanakamati, sisi hapa tunakata mirija ya unyonyaji. Leo tunaombwa tumpeleke binti yetu kwa mabepari akajifunze kunyonya. Naomba mawazo."

Dada yangu alikuwa amesimama mlangoni. Niliona anashika fremu ya mlango.

Bibi Tatu, mjumbe wetu aliyetokea juu Mgeta, milimani kwenye baridi, akanyoosha mkono. "Huko kuna baridi?"

"Ipo, bibi," akasema Zaina, naye yuko pale mlangoni na mama yake.

"Kuliko Mgeta?"

"Kuliko Mgeta."

"Basi mtoto apewe blanketi. Mengine mnazungumza nini?"

Lakini wanaume walikuwa na mengine ya kuzungumza. Vile vitabu vikapitishwa mkono kwa mkono. Mjumbe mmoja akasimamia cha Ng'ombe kwa sababu ya maziwa. Mwenzake akamuuliza kama mtoto anakwenda kusoma au kuchunga. Wakabishana hapo karibu saa nzima, na niliandika yote kwenye kumbukumbu za kikao kwa sababu ndiyo ilikuwa kazi yangu.

Mimi nikasimama nikatetea cha Mnara. Nikasema ada ni ndogo. Nikasema pia ule mnara una saa, kwa hiyo mtoto hatachelewa darasani. Hoja hiyo ya pili ninaiona hapa daftarini kwa mwandiko wangu mwenyewe, ndiyo maana siwezi kuikana.

Mwenyekiti akakishika cha Sufuria, akakigeuza.

"Hawa wanafanya nini?"

"Wanaosha vyombo, Ndugu Mwenyekiti," Zaina akasema.

"Watumishi?"

"Hapana, ni wanafunzi wenyewe. Ni nyumba ya ushirika. Haina mwenye nyumba, wote ndio wenye nyumba. Wanapika kwa zamu, wanafagia kwa zamu, chakula wananunua kwa pamoja."

Mwenyekiti akaegemea mbele.

"Rudia hapo kwenye zamu."

Akarudia. Halafu Zaina akakipokea kitabu, akaanza kutafsiri ukurasa wote, taratibu, kwa sauti ya taarifa ya habari. Hakuna kabaila. Hakuna kupe. Asiyefanya kazi na asile. Jasho la kila mmoja kwa faida ya wote.

Ndugu Kibwana macho yalimlegea. Akasema, "Kumbe tumefika mpaka Canada." Akatoa muhuri mfukoni, akaupulizia pumzi, akagonga. Barua ikasema kijiji kimeridhia binti akasome kwenye chuo hicho na si kingine, kwa kuwa kinafuata siasa yetu.

Mimi nilikasirika, wakuu. Bahasha ya cha Mnara ilikuwa mfukoni mwa shati, imeshafungwa. Nikaona mtoto wa dada yangu anapelekwa kuosha masufuria kwa sababu ya hotuba. Nikajiambia barua inakwenda wilayani, wilayani hawajui cha Mnara wala cha Sufuria. Fomu nitakayotia Posta ni siri yangu.

Ila nilibeba na fomu ya cha Sufuria, nikaijaza nayo. Sijui kwa nini. Labda nilijiogopa.

Siku iliyofuata tukaenda mjini, mimi na Zaina. Tukafika Posta asubuhi. Nimesimama kwenye ngazi, bahasha mbili mkononi, naona ananitazama mikono.

"Mjomba," akasema, "ukurasa wa nyuma uliusoma?"

"Ukurasa gani?"

"Wa malazi."

Nikamwambia nilisoma ada.

"Ada umesoma vizuri, mjomba. Tusome na wa nyuma, pamoja."

Tukakaa pale kwenye ngazi. Watu wanaturuka. Akaweka kidole chini ya mstari, kama sisi tulivyowafundisha wazee kusoma kwenye elimu ya watu wazima. Cha Mnara ada kweli ilikuwa ndogo. Lakini mwanafunzi mgeni wa mwaka wa kwanza alilazimika kulala kwenye mabweni yao na kula kwenye bwalo lao, na bei ya kulala na kula peke yake ilikuwa inameza fungu la Zaina kabla ya mwaka wa pili kwisha. Cha Sufuria ada ilikuwa juu kidogo, ila ile nyumba ya ushirika ilikuwa karibu na bure.

Nilihesabu mara mbili. Mara ya tatu nilimwomba ahesabu yeye.

"Ulijua tangu lini?"

"Tangu siku ile unajaza fomu."

"Na hukusema."

Akatazama chini. "Kwenye kikao niliulizwa."

Nikachana ile ya cha Mnara, nikatia cha Sufuria kwenye sanduku. Nikakaa tena kwenye ngazi kidogo. Ningemrudisha mtoto yule nyumbani na nusu ya elimu kwa ajili ya saa ya mnarani.

Admission ilikuja. Akaenda, na blanketi la Bibi Tatu.

Kuna kijana mmoja wa mjini, naye alipata msaada wa namna ileile, akachagua chuo chenye ada ndogo na mabweni ya lazima. Fungu likaisha, akarudi mwaka wa pili. Sisemi chuo kilikuwa kibaya. Mwenyewe alisema walifundisha vizuri sana, kwa muda aliokuwepo.

Sasa naomba nisimulie kipande kilichobaki, ingawa hakinipendezi.

Mwaka wa pili Zaina aliandika barua ndefu. Mwenyekiti aliposikia akataka isomwe kwenye mkutano wa hadhara, wananchi wasikie Ujamaa ilivyostawi ughaibuni. Nikaisoma, mimi karani.

Aliandika kwamba jikoni kumebandikwa karatasi yenye jina la kila mmoja na zamu yake. Anayekosa zamu mara tatu anahama. Na kwamba mwenyekiti wa ile nyumba, kijana wa kizungu, alikosa mara tatu kwa sababu alikuwa na vikao vingi. Wakapiga kura. Akahama.

Hapo nilitaka kuruka mstari. Daftari linasema sikuruka. Nalisadiki kwa shida.

Bibi Tatu akainuka, akajifunga kanga vizuri.

"Ndugu Mwenyekiti, na sisi tubandike?"

Watu wakacheka kwa chini. Ndugu Kibwana, na hapa ndipo ninapompa heshima yake yote, hakukasirika. Akasema, "Karani, bandika. Anza na mimi."

Nikaandika majina kwa mwandiko wangu mzuri, nikabandika ukutani kwenye duka la ushirika. La kwanza Mwenyekiti, la pili karani. Mwenyekiti alifika shambani Jumanne, na jembe jipya linalong'aa. Akafika na Alhamisi, mikono imetoka malengelenge.

Wiki ya pili karatasi ikaliwa na mbuzi.

Wengi walimshuku mbuzi wa Mwenyekiti, na yeye mpaka anazikwa wapo waliomcheka kwa hilo. Wakuu, mbuzi alikuwa wangu. Nilimfunga karibu na lile duka, kamba nikaiacha ndefu. Nilikuwa nimeshakosa zamu mara mbili. Kama nilikusudia, daftari halisemi, na mwaka huo niliandika kila kitu mpaka mvua.

Karatasi nyingine haikubandikwa.

Sasa funzo, kwa ninyi mnaotafuta. Ada ni jalada. Fungua ukurasa wa nyuma. Uliza utalala wapi, utakula nini, nani anapika, na kama mwaka wa kwanza unaruhusiwa kujitafutia chumba. Jumlisha miaka yote, si mmoja. Na mzazi au mjomba unayelipa, usimuulize mtoto kama ameridhika. Mpe kitabu akutafsirie, kisha unyamaze.

Kuhusu ile tafsiri ya darasani. Zaina alimaliza, akafanya kazi huko na huku, sasa amestaafu. Nilimuuliza juzi kama kile kitabu kweli kilisema asiyefanya kazi na asile.

"Kilisema vyombo vioshwe kabla ya saa mbili usiku," akasema. "Mengine niliyasoma usoni kwa Ndugu Kibwana."

Yupo hapa kwangu Bigwa wiki ya pili sasa. Mke wangu alishatangulia mbele ya haki, kwa hiyo vyombo vilikuwa vinalala. Jana nimeamka nikakuta karatasi jikoni, majina mawili, langu juu.

Siku hizi sifugi mbuzi.

Mwenye swali aulize, na mwenye kunisahihisha asahihishe, hasa waliopo Canada sasa maana mambo yamebadilika. Nitajibu nikimaliza masufuria.